Jumamosi za Mgambo

Nyani hawaogopi wanawake. Anayebisha apande huku juu kwetu Upareni, nimpe kipande cha shamba kinachopakana na msitu, apande mahindi, halafu akae pale na gauni lake aone. Mwanamume akikohoa tu, nyani wanatimka. Mimi napiga debe, napiga kelele, narusha mawe mpaka bega linauma, na dume lao linanitazama, linavunja hindi, linalimenya taratibu, linakula. Linakaa pale kama shemeji aliyekuja kusalimia.

Ndiyo maana huwa nalinda nimevaa koti. Lilikuwa la marehemu baba, alilinunua enzi alipokuwa mnyapara kwenye mashamba ya mkonge kule tambarare. Koti zito, linanifika magotini, na kofia yake juu. Linasaidia kidogo. Kwa mbali nyani wanafikiri ni mzee fulani amesimama. Wakisogea wanagundua ni Honorata, na dharau inaanza upya.

Aliyewatia adabu alikuwa Mgambo, mbwa wangu. Na asitokee mtu hapa wa kuniambia "mbwa tu," tutakosana. Nilimchukua akiwa mdogo wa kutosha ndani ya kikapu, mwaka niliomwacha mume wangu Korogwe na kurudi nyumbani kwa baba. Sikuwa na mtoto, na mume sijutii. Mgambo alikua mwekundu, kifua kipana, sikio moja limechanwa na nyani aliyekosea kufikiri kwamba mbwa huyu anatania. Sauti yake ilikuwa nzito, ikitoka unaisikia bonde zima.

Sasa mnielewe kuhusu Jumamosi, maana kila kitu kimetokea Jumamosi. Majirani zangu wote wenye mashamba pale ukingoni ni Wasabato. Jumamosi hawashiki jembe, hawalindi, hawafanyi lolote, wako kanisani tangu asubuhi. Mimi ni Mkatoliki, siku yangu ni Jumapili. Kwa hiyo tulikubaliana zamani sana: Jumapili wao wananilindia shamba langu niende Misa, na Jumamosi mimi na Mgambo tunalinda mashamba ya wote, ukingo mzima wa msitu, kutoka kwa Hezroni mpaka kwenye korongo. Kanisa lao liko chini kidogo ya mashamba. Mchungaji akifika katikati ya mahubiri, Mgambo naye anabweka huku juu, na watu wanacheka ndani kwa ndani. Walikuwa wananitania eti mbwa wangu ndiye mwitikiaji wa kanisa. Mimi nawajibu, imbeni kwa raha zenu, mahindi yenu yana mwenyewe leo.

Basi, mwaka huu mahindi yalipoanza kubeba, Mgambo akaacha makande.

Mbwa wa Mpare kuacha makande, mahindi na maharage yetu ya kila siku, si jambo dogo. Mwanzoni nilidhani anadeka. Nikaweka maziwa kidogo, akanusa, akageuza uso. Mbavu zikaanza kuonekana, lakini tumbo linajaa. Akitembea hatua chache anakaa chini, anahema. Nikimwangalia ananiangalia na yeye, mkia unapiga vumbi, kana kwamba ananiambia nisubiri kidogo tu.

Nikampeleka Same mjini. Nilimbeba mpaka barabarani, nikaomba lifti kwenye fuso la tangawizi, nikakaa naye juu ya magunia, kichwa chake mapajani mwangu. Abiria mmoja akaniuliza, "Mama, yaani unampeleka mbwa hospitali?"

"Ndiyo," nikamwambia. "Ulitaka nimpeleke disko?"

Akasogeza miguu yake, Mgambo akapata nafasi.

Daktari wa mifugo ni binti mdogo, Sumaiya, mikono yake ina alama za pembe za ng'ombe. Akanipa shikamoo, nikaitikia, kisha akapiga magoti chini kabisa kwa Mgambo bila kujali sakafu. Akambonyeza tumbo polepole. Akamchoma sindano, akavuta maji ya tumboni, yakatoka mekundu. Akayaangalia muda mrefu, na mimi nikamwangalia yeye, nikajua.

"Mama, ana uvimbe kwenye bandama," akasema. "Umekuwa mkubwa, na unavuja damu. Nikimpasua, kwa umri huu na moyo wake ulivyo, atabaki mezani. Sitakudanganya. Huyu mzee amechoka."

"Nani amechoka?" nikamrukia. "Umemuuliza? Labda umechoka wewe!"

Akanifungia dawa za kutuliza maumivu, akaniandikia namba yake ya simu nyuma ya boksi. "Siku atakayokataa chakula kabisa, na asiweze kuinua kichwa, nipigie. Nitapanda mwenyewe mpaka kwako, nitamlaza pasipo maumivu. Usimwache ateseke kwa sababu ya kumpenda."

"Utasubiri sana," nikasema, nikamnyanyua mbwa wangu nikatoka.

Njia nzima ya kurudi nililia. Sioni haya kusema. Nililia kwa uchungu na kwa hasira, na hasira ndiyo ilikuwa nyingi zaidi. Mbwa aliyepigana na nyani dume akamshinda, leo anaangushwa na kinyama kilichoota ndani ya tumbo lake mwenyewe. Ni haki hiyo?

Jumamosi iliyofuata nikajifanya mwerevu. Nikasema apumzike. Nikamtandikia gunia barazani, nikamfunga kamba, nikamwekea makande na maji, nikavaa koti la baba nikapanda shambani peke yangu. Nyani walikuja mapema. Walikaa ukingoni wakahesabu watu: mmoja. Wakatafuta mbwa, hakuna. Basi wakashuka kwenye mahindi ya Hezroni kama wamealikwa. Nilikimbia huku, wakaingia kule. Nilipokwenda kule, wakarudi huku. Mpaka wanaondoka, mistari mizima ilikuwa imelala chini.

Nashuka nyumbani nimeishiwa nguvu, nikamkuta Mgambo njiani. Ameitafuna kamba, amejikokota mpaka kwenye mfereji wa maji, akashindwa kuuvuka, akalala humo humo, nusu mwili majini. Uso ameuelekeza juu, shambani. Makande yote barazani hayajaguswa. Nilikaa kwenye mfereji naye nikalowa na mimi. Mbwa huyu hakutaka mapumziko jamani. Alikuwa amechelewa kazini.

Asubuhi yake, kabla sijatoka kwenda Misa, Hezroni akaja. Hezroni ndiye mkubwa wa ulinzi pale ukingoni, mtu mpole, mstaarabu, mrefu mpaka anainama kuingia kila mlango. Alisimama uani, mkono mmoja nyuma.

"Dada Honorata, umeamkaje?"

"Salama. Pole kwa mahindi."

"Ndilo nililojia." Akakohoa. "Tumeongea na wenzangu. Mbwa amekwisha, dada, tuseme ukweli. Jumamosi tutamtafuta mtu kutoka kijiji cha Kisiwani, aje na mbwa wake. Na huyu mzee... wewe huwezi, ni wako. Nipe mimi nimpeleke korongoni. Pigo moja tu, hatasikia."

Ndivyo tunavyowafanyia mbwa wa ulinzi huku wakizeeka. Korongoni, rungu, basi. Baba aliwafanyia hivyo mbwa wake wote, na mimi nilikuwa nikiona ni sawa.

"Hezroni," nikamwambia, "hilo rungu ulilolificha mgongoni, liweke hapa mbele tuongee nalo."

Akalitoa, kwa aibu. Mgambo alikuwa amelala barazani. Alipomwona Hezroni, akapiga mkia wake chini, tap, tap, maana anamfahamu tangu zamani. Hapo ndipo nilipopandisha sauti.

"Huyu amekulindia Sabato yako tangu mtoto wako wa kwanza hajazaliwa! Wewe unaimba, yeye anabweka. Wewe umekaa kwenye benchi na suti, yeye yuko kwenye mvua. Leo amelala siku moja tu, unamletea rungu? Hivi kwenye hayo mahubiri mnasikiliza nini?"

"Dada, usiende huko."

"Naenda! Wanasema sisi Wapare tunapenda kesi, basi leo tunayo. Jumamosi ijayo Mgambo anapanda kazini. Hindi hata moja likiliwa, moja tu, njoo na rungu lako na mimi sitafungua mdomo. Nyani wakirudi mikono mitupu, mbwa huyu ana Jumamosi zake mpaka tuvune, na kufa kwake tutapanga mimi na yeye. Si wewe, si kikao."

Hezroni akanitazama, akamtazama mbwa, akashika kidevu. Kesi nzuri Mpare haiachi. "Haya," akasema. "Hindi moja."

Alipoondoka nikamtazama Mgambo. Mdomo wangu huu! Nimemweka rehani mbwa asiyeweza hata kuvuka mfereji.

Jumamosi ikafika. Nikampa dawa yake, nikatandika gunia kwenye toroli, nikamlaza, nikavaa koti na kofia, nikaanza kusukuma. Njia ni ya mawe na mlima umesimama. Nilikutana na watu wanashuka kanisani wamependeza, na mke wa Hezroni, Anaeli, akashindwa kujizuia.

"Dada, leo unampeleka wapi bwana harusi?"

"Kanisani kwake," nikasema. "Na zawadi naona hujaleta."

Wakacheka. Nikasukuma. Jasho linaingia machoni, magoti yanalia, na Mgambo ameweka kidevu kwenye ukingo wa toroli anatazama njia. Tulipofika chini ya dungu langu, lile jukwaa la miti ninalosimama kulinda, nikaligeuza toroli liukabili msitu. Masikio yakasimama, lile zima na lile lililochanwa.

Wakaja. Walitoka mmoja mmoja, wakakaa ukingoni. Dume likatangulia. Liliniona mimi, likanipuuza kama kawaida, likashuka kwenye mahindi ya Hezroni, likanyoosha mkono.

Mgambo akainua kichwa akabweka.

Haikuwa sauti yake ya zamani. Ilikuwa imekauka, imepasuka katikati. Lakini ilikuwa yake. Dume likasimama mkono hewani. Likatafuta huku na huku, sauti inatoka wapi. Mgambo akabweka tena, mwili wote ukatikisika mpaka toroli likalia. Nyani hawakujua kwamba miguu haipo. Walichokijua ni ile sauti, na walikuwa na sababu za kuikumbuka. Dume likarudi kinyumenyume, kisha likageuka, na wengine wote wakalifuata msituni.

Nilipiga vigelegele peke yangu juu ya dungu. Nikashuka, nikafungua bakuli la makande nikamwekea kiganjani, na Mgambo akala. Alikula kidogo, akapumzika, akala tena. Tangu augue sikuwa nimeona hivyo. Jioni Hezroni alipanda akapita mstari kwa mstari, akapapasa kila hindi kama anatafuta shilingi iliyopotea. Hakupata lililoliwa.

"Mbwa wako ni mshenzi," akasema, na nilisikia sifa ndani yake.

"Sabato njema, Hezroni."

Tukaendelea hivyo. Siku za katikati Mgambo alikuwa mgonjwa kabisa, analala, nampa dawa, nampangusa macho, nambeba kwenda haja. Ikifika Jumamosi anafunguka. Nilijua uvimbe unakua. Niliushika kila asubuhi kwa mkono wangu, nikawa nautukana. Kweli, nilikuwa nautukana, matusi ambayo siwezi kuyarudia hapa. Sikuwa najidanganya kwamba atapona. Nilichokataa ni yeye kuzikwa kabla hajafa.

Mahindi yakakauka, uvunaji ukakaribia. Jumamosi moja asubuhi nikapeleka makande mdomoni kwake, akafunga macho. Nikaweka maziwa kwenye kidole, hakulamba. Nikamwita, "Mgambo, kazini!" Mkia ukajaribu. Kichwa hakikuinuka.

Nilikaa chini kwenye ule udongo. Kuna mtu ndani yangu alikuwa anasema subiri mpaka kesho, labda dawa, labda siku mbaya tu. Nikamwambia mtu huyo afunge mdomo. Nimewabishia wote, Hezroni, kikao, nyani, bandama, lakini Mgambo mwenyewe sikuwa na haki ya kumbishia. Nikachukua boksi la dawa nikapiga ile namba.

"Daktari, ni Honorata. Njoo. Lakini usije nyumbani. Utatukuta shambani."

Nikamlaza kwenye toroli nikasukuma. Sasa alikuwa mwepesi kiasi cha kunikasirisha. Sumaiya alifika na pikipiki mpaka njia ilipoishia, akapanda kwa miguu, begi mgongoni, anahema. Hakusema "nilikwambia." Alisema, "Shikamoo mama, mahali pazuri hapa."

"Marahaba. Hapa ndipo ofisini kwake."

Akaandaa dawa. Nikamshika Mgambo kichwa kwa mikono miwili, nikamwinulia mimi, aone msitu. Nilitegemea ataniangalia mimi. Wapi! Aliangalia ule ukingo wa miti mpaka mwisho, na nilimwonea wivu msitu. Sumaiya akachoma. Pumzi zikawa ndefu, zikawa chache, kisha nikawa nimeshika kichwa kizito.

Nikavua kofia, nikavua koti la baba. Nikamfunga nalo, nikamfungia na vifungo vyote. Tulichimba sote wawili chini ya dungu, daktari na jembe langu, mimi na mikono, tukamweka. Sumaiya alikuwa anasubiriwa kwenye ng'ombe mgonjwa kijiji cha pili. Alinikumbatia, akaondoka na tope mpaka kwenye viwiko.

Nikabaki peke yangu. Kanisani chini walikuwa wanaimba. Mimi nimesimama na kitenge na blauzi, kichwa kitupu, udongo mikononi, na nilipoinua macho, nyani walikuwa ukingoni.

Waliniona vizuri kabisa. Mwanamke. Hana koti, hana mbwa. Dume likashuka bila hata haraka. Nikarusha jiwe, likalikwepa. Nikapiga debe, halikugeuka. Likaenda moja kwa moja kwenye mahindi ya Hezroni, likakaa, likavunja hindi, likaanza kulimenya huku linanitazama, na kaburi la Mgambo bado udongo ni mbichi.

Nikabweka.

Sikupanga. Ilitoka tumboni. Nilibweka kwa nguvu zangu zote, sauti nzito, iliyopasuka katikati, jinsi nilivyomsikia miaka yote hiyo. Dume likaacha kutafuna. Nikaruka mtaro nikalifuata, nabweka, kitenge nimekikunja mkononi, machozi na kamasi vimenijaa. Likasimama. Halikuondoka, lakini lilisimama, likanionyesha meno, na mimi nikalionyesha yangu.

Hapo nikasikia mbwa mwingine nyuma yangu.

Alikuwa mbwa mbaya sana, hajui kubweka. Nikageuka. Hezroni, na suti yake ya Sabato, tai shingoni, Biblia kwapani, amesimama katikati ya shamba lake anabweka. Mshipa wa shingo umemtoka. Nyuma yake Anaeli ameinua gauni asikanyage, naye anabweka, na nyuma ya Anaeli kwenye njia walikuwa wanapanda wengine, na wao wakaanza. Bonde zima likajaa. Dume likatupa hindi, likakimbia, na kundi lote likatimkia msituni.

Hezroni akanisogelea, anahema, ameshika kiuno. Akaona jembe. Akaona udongo chini ya dungu. Akavua kofia yake.

"Hatukumsikia leo," akasema. "Mchungaji amefika katikati ya mahubiri, akanyamaza kama anavyonyamazaga, kumpisha. Tukasubiri abweke. Tukasubiri. Hakuna. Basi watu wakaanza kuinuka."

Nikajipangusa uso kwa ncha ya kitenge.

"Dada," akaongeza taratibu, akaangalia nyuma, "hii ya kubweka leo Sabato, sijui mchungaji ataichukuliaje."

Nikaangalia njiani. Mchungaji alikuwa amesimama kwenye kona, suti yake ya ibada imejaa mbegu za majani, anautazama msitu. Akavuta pumzi, akabweka mara moja zaidi, na ile ilikuwa nzuri kuliko ya Hezroni.